Dawa za Kuazima: Vidonge vya Maradhi Mengine Katika Tiba ya Soriasisi

Siku ile shangazi yangu alipofumbua kiganja mbele ya dirisha la dawa, vidonge sita vidogo vya njano vilikuwa vimelala juu ya mistari ya mkono wake, naye akavitazama kwa kitambo kabla ya kumwuliza kijana aliyempa, kwa sauti ya mtu asiyependa kumvunjia heshima mjuzi: "Mwanangu, hivi vyote kwa mara moja? Si afadhali nimeze kimoja leo na kimoja kesho, tumbo langu lisielemewe?" Kijana akainama hata uso wake ukakaribia dirisha, akasema, "La, Bi mkubwa. Vyote sita siku ya Ijumaa, kisha basi mpaka Ijumaa ya pili. Ukivigawa kwa siku vitakudhuru." Shangazi akavirudisha katika bahasha, akaifunga bahasha katika pindo la kanga, wala hakusema neno mpaka tulipofika nje.

Vidonge vile ni methotreksati, kila kimoja miligramu 2.5, na asili yake si dawa ya ngozi hata kidogo, bali ni tunda la juhudi za kuitafutia tiba saratani ya damu. Shangazi hana saratani. Ana soriasisi, maradhi ambayo kwa miaka mingi yamefanya maskani juu ya viwiko vyake, magotini, na katika mpaka wa nywele zake, yakipwa na kujaa kama bahari. Katika ngozi nyeusi doa la soriasisi aghalabu haliwi jekundu kama linavyochorwa vitabuni. Huwa la zambarau iliyokolea au la kijivu, limeinuka, ukingo wake waonekana dhahiri, na juu yake limetandwa magamba meupe makavu ambayo yakibanduliwa kwa ukucha huacha vitone vya damu vidogo mfano wa ncha za sindano. Ngozi ya mtu mwenye siha huzaliwa chini, ikapanda juu na kupukutika kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Lakini katika doa lile safari hiyo humalizika kwa siku chache tu, kwa kuwa kinga ya mwili, iliyoumbwa kutuhami, imeingia ghadhabu mahali pasipo na adui, ikaihimiza ngozi ijijenge mbio bila ya kupumzika.

Maradhi haya hayaambukizi, wala hayatokani na uchafu, wala si adhabu ya mtu. Hata hivyo mwenye kuyaugua huishi kama mshtakiwa. Katika Ulaya ya zamani yalitiwa fungu moja na ukoma hata mwaka 1841, tabibu Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoyatenga kwa uwazi. Na kwetu pwani, mwenye nayo huambiwa ana mba, au ana choa, au neno la ukoma hupitishwa nyuma ya mgongo wake kwa mnong'ono ambao hakosi kuusikia. Shangazi aliacha kuuza vitumbua barazani pake si kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshindwa na kazi, bali kwa sababu wanunuzi walianza kuitazama mikono kabla ya kuvitazama vitumbua. Mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuyatambua maradhi haya kuwa sugu, yenye maumivu, yenye kuumbua na kulemaza, yasiyo na tiba ya kuyakomesha kabisa. Na taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ikakadiria kwamba wanaoyaugua ulimwenguni ni watu milioni 100 na zaidi.

Tangu siku ile nimejiuliza imekuwaje dawa ya saratani ikawa tegemeo la muuza vitumbua, na kila nilipoifuatilia historia nimeona kwamba hilo si tukio la peke yake: vingi mno katika vidonge vilivyowafaa wagonjwa wa soriasisi viliazimwa kutoka maradhi mengine. Rai yangu ni kwamba njia hii ya kuazima ndiyo itufaayo zaidi sisi ambao sindano mpya za bei kubwa hazitufikii. Lakini dawa ya kuazima huja na sifa na ila ilizozipata katika miili ya watu wengine, kwa kipimo kingine, katika nchi nyingine, na asiyeitaka ithibati mpya kabla ya kuitumia huiweka roho ya mgonjwa mahali pa hatari.

Mwaka 1948, katika mji wa Boston, tabibu Sidney Farber alitangaza kwamba aminopterini, dawa iliyotoka katika maabara ya Lederle chini ya uongozi wa Yellapragada Subbarow, mtaalamu mzaliwa wa India, iliwapa nafuu ya muda watoto 10 kati ya 16 waliokuwa na saratani kali ya damu. Dawa hiyo huizuilia chembe hai matumizi ya foleti, vitamini ambayo chembe ikiikosa haiwezi kujigawa na kuzaa nyingine. Mwaka 1951, huko huko Marekani, Richard Gubner na wenzake walipokuwa wakiijaribu kwa watu wenye baridi yabisi, waliona jambo ambalo hawakulikusudia: mgonjwa aliyekuwa na soriasisi, ngozi yake ikasafika. Mtu mwingine angaliliandika jambo hilo pembeni akalisahau, kwa maana yeye alikuwa akiangalia viungo, wala si ngozi. Gubner aliifuata ishara ile. Mwaka 1958 W. F. Edmundson na W. B. Guy wakatoa habari za kutumia methotreksati, jamaa wa karibu wa aminopterini, kwa wagonjwa wa soriasisi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikubali kwa kazi hiyo. Baridi yabisi yenyewe, iliyokuwa mlango wa ugunduzi, ilingoja kibali chake mpaka mwaka 1988.

Tangu jicho la Gubner mpaka kibali ilipita miaka takriban 20, na ilipita mingine zaidi ya 30 ndipo dawa hii ikapimwa ana kwa ana na dawa mpya katika jaribio kubwa ambalo wagonjwa waligawanywa kwa kura. Jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 2008, lilikuwa na wagonjwa 271. Baada ya wiki 16, wale ambao maradhi yao yalipungua kwa robo tatu au zaidi walikuwa 35.5% kwa methotreksati, 79.6% kwa sindano za adalimumabu, na 18.9% kwa dawa bandia isiyo na kitu ndani yake. Katika nchi ambayo serikali au bima hulipa, methotreksati imeshindwa, na hapana haja ya hoja zaidi. Katika nyumba ambayo gharama ya sindano haipatikani hata kwa kuuza shamba, mtu mmoja kati ya watatu aliyeondokewa na sehemu kubwa ya magamba yake kwa kidonge cha bei nafuu si jambo la kudharauliwa, ijapokuwa haki yatutaka tukumbuke kwamba baadhi ya hao wangalipata nafuu hata kwa kidonge kitupu.

Hapa ndipo swali la shangazi linapopata uzito wake. Dawa inapohama kutoka maradhi hadi maradhi, kipimo nacho huhama, na kuhama huko hakuonekani kwa macho, kwa kuwa kidonge ni kile kile. Mgonjwa wa soriasisi huimeza methotreksati mara moja kwa wiki, ili chembe za uboho zitengenezazo damu zipate siku za kujirudishia nguvu. Na idadi ile ile ya vidonge ikitawanywa kila siku moja, chembe zile hazipati pumziko, mdomo hufanya vidonda, damu hupungua, na mtu huweza kufa akiwa anafuata kwa uaminifu mpango alioudhani kuwa wa upole. Kosa hili limeua watu hata katika nchi zilizoendelea kwa tiba, hata mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ikaagiza paketi ziandikwe onyo linaloonekana wazi na wagonjwa wapewe kadi ya kuwakumbusha siku. Kuna na tatizo jingine dogo la kuona: asidi ya foliki, ambayo mgonjwa hupewa siku nyingine ili kuipunguzia methotreksati ukali wake, mara nyingi nayo huwa kidonge kidogo cha njano. Shangazi alikuwa na bahasha mbili, na rangi moja. Pamoja na hayo dawa hii hulidhuru ini, na wakati mwingine mapafu, na humwangamiza mtoto tumboni. Kwa hiyo haifai kwa mwenye mimba wala kwa mwenye kuitarajia, na damu ya anayeitumia haina budi kupimwa kila baada ya muda.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na ulimwengu wetu, na hausimuliwi kama unavyostahili. Katika bonde la Mto Nile humea mmea uitwao kwa jina la kitaalamu Ammi majus, ambao mbegu zake zilitumiwa na Wamisri tangu kale kwa mwenye mbalanga: mgonjwa huila dawa, kisha huliacha doa lake jeupe lipigwe na jua. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Cairo wakazitoa katika mbegu zile chembechembe zenye nguvu, na tabibu Abdel Monem El Mofty akazijaribu kwa wagonjwa wake kwa utaratibu wa elimu ya sasa. Kidonge cha methoksaleni kikazaliwa humo, kwa ajili ya mbalanga. Mwaka 1974 matabibu wa Boston, John Parrish na Thomas Fitzpatrick wakiwa miongoni mwao, wakakiazima kwa soriasisi: mgonjwa alimeza kidonge, akasimama mbele ya taa za mwanga wa urujuani usioonekana, na magamba yakayeyuka kwa kiasi kilichowastaajabisha wengi. Elimu ya jua na mbegu, iliyokuwa mikononi mwa waganga wa mitishamba wa Misri, ikawa tiba ya hospitali za Amerika na Ulaya. Na tangu mwaka 1975 wagonjwa 1,380 waliotibiwa kwa njia hiyo Marekani wakafuatiliwa kwa miongo ya miaka, ikadhihirika kwamba waliotibiwa mara nyingi walizidi sana kupata saratani ya ngozi. Naliheshimu daftari hilo la ufuatiliaji sawa na ugunduzi wenyewe, kwa maana lisingaliwekwa, madhara yale yangaliitwa bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja.

Saiklosporini, dawa iliyotokana na ukungu wa udongo wa Norway na kutumiwa kuuzuia mwili usikikatae kiungo cha kupandikizwa, ilionekana mwaka 1979 ikisafisha soriasisi ya watu waliokuwa wakitibiwa maumivu ya viungo. Huidhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo haikai muda mrefu kwa mgonjwa. Lakini ilileta faida nyingine iliyopita ile ya tiba. Kabla yake wengi waliamini kwamba soriasisi ni kosa la chembe za ngozi zenyewe, na methotreksati ilidhaniwa kufaa kwa sababu tu inazuia chembe kuzaana. Dawa inayofanya kazi kwa kuzituliza chembe za kinga ilipoiponya ngozi, matabibu wakalazimika kuigeuza nadharia yao, na kutoka huko ndiko zilikopatikana sindano za leo. Fumarati nayo yaonyesha kinyume chake. Mkemia wa Kijerumani Walter Schweckendiek, aliyekuwa na soriasisi mwilini mwake, alifikiri mwaka 1959 kwamba kuna upungufu katika namna mwili unavyounguza chakula, akajitibu kwa asidi ya fumari. Fikira yake haikusimama, dawa ikasimama. Ujerumani iliipa kibali mwaka 1994, na baadaye fumarati ya dimethili ikaondoka katika ngozi ikaenda kutibu maradhi ya mishipa ya fahamu, ikakubaliwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2013.

Lakini si kila kinachoazimwa chafaa, na hapa sitaki msomaji wangu apite haraka. Prednisoloni ni kidonge rahisi, chapatikana katika maduka mengi ya dawa, na mwenye soriasisi akikimeza huona ngozi yake ikitulia baada ya siku chache, akamshukuru aliyempa. Anapokiacha, maradhi huweza kurudi kwa nguvu kuliko kwanza, wakati mwingine kwa namna ya malengelenge ya usaha yaliyotapakaa, au mwili mzima kuwaka na kupukutika, hali iwezayo kumwua. Klorokwini nayo, ambayo pwani nzima iliimeza kwa homa ya malaria kwa miaka mingi, huweza kuichochea soriasisi kwa baadhi ya watu. Na hata dawa yenye dalili njema huweza kukataliwa: tofasitinibu, iliyokwisha kukubaliwa kwa baridi yabisi, ilinyimwa kibali cha soriasisi na mamlaka ya Marekani mwaka 2015. Jicho la tabibu huanzisha habari, wala haliimalizi.

Habari mpya kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike, ni ya roflumilasti. Kidonge hiki kilikubaliwa Ulaya mwaka 2010 na Marekani mwaka 2011 kwa watu wenye maradhi sugu ya mapafu ya kuziba pumzi, ambayo aghalabu hutokana na tumbaku. Ndani ya chembe za mwili kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuuvunja ujumbe mmoja wa kikemia. Ujumbe huo ukizidi, chembe za kinga hutulia, na vichocheo vya uvimbe hupungua. Roflumilasti hukizuia kimeng'enya hicho, na apremilasti, kidonge kilichokubaliwa kwa soriasisi mwaka 2014 na kuuzwa kwa bei ya juu, hufanya jambo hilo hilo. Matabibu wa Denmark wakauliza swali la wazi: ikiwa kufuli ni moja, kwa nini ufunguo wa zamani usijaribiwe? Wakawagawa kwa kura wagonjwa 46, nusu wakapewa mikrogramu 500 za roflumilasti kila siku, nusu kidonge kitupu. Baada ya wiki 12, wagonjwa 8 kati ya 23, yaani 35%, walikuwa wamepungukiwa na maradhi kwa robo tatu au zaidi. Katika wale wa kidonge kitupu, hakuna hata mmoja. Kufikia wiki ya 24 idadi ilipanda hata 10 kati ya 23. Madhara yake yalikuwa yale yale yaliyokwisha julikana kwa wagonjwa wa mapafu: tumbo kuvurugika, kichwa kuuma, usingizi kupungua, na uzito kushuka.

Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2023, na lilifanywa na matabibu wenyewe, si na kampuni ya dawa, jambo ambalo si la sadfa. Hataza ikimalizika muda wake, kila kiwanda chaweza kukitengeneza kidonge, bei hushuka, na pamoja na bei hushuka hamu ya yeyote kutumia mamilioni kuthibitisha matumizi mapya ambayo faida yake itagawanywa kwa wote. Matokeo yake ni kwamba dawa huandikiwa mgonjwa nje ya kibali chake, kwa dhamana ya tabibu peke yake, au haiandikwi kabisa. Dawa ambayo thamani yake ni kwa umma yafaa ithibitishwe kwa mali ya umma, na mfano upo: Uingereza, kwa mpango wa huduma yake ya afya ya taifa, mwaka 2023 iliipatia anastrozoli, dawa ya zamani ya saratani ya matiti, kibali kipya cha kuwakinga wanawake walio katika hatari ya kuipata saratani hiyo.

Na kwetu, maswali yanayongoja majibu si yale ya Denmark. Hati rasmi ya roflumilasti huko Ulaya inaonya kwamba isianzishwe kwa mwenye virusi vya UKIMWI, kwa kuwa uzoefu wa kumtibu mtu kama huyo haupo. Nasi twajua kwamba virusi hivyo huweza kuifanya soriasisi iwe kali mno, hata ikawa ndiyo dalili iliyomfikisha mtu hospitalini kwa mara ya kwanza. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, huishusha nguvu ya roflumilasti kwa takriban 60%, hivyo mgonjwa mwenye maradhi mawili angalikuwa akimeza kidonge kisichomfaa. Methotreksati nayo huilegeza kinga mahali ambapo kifua kikuu ki karibu. Hata kipimo chenyewe cha kuhesabu maradhi huutegemea sana wekundu wa doa, na doa la kiwiko cha shangazi ni la zambarau. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kikanda cha kufundisha tiba ya ngozi, ambacho wanafunzi wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Watu wa kuliendesha jaribio la vidonge hivi viwili, methotreksati na roflumilasti, kwa wagonjwa wetu na kwa wiki 24 kama walivyofanya Wadenmark, hawakosekani. Kinachokosekana ni fungu la fedha lililotengwa kwa ajili ya swali ambalo hakuna mfanyabiashara atakayeliuliza.

Shangazi alipimwa ini, figo na damu, kifua kikapigwa picha, ndipo akaruhusiwa kuanza. Niliitundika kalenda ukutani karibu na kitanda chake. Ijumaa nilizizungushia duara la wino mweusi, na Jumatatu, siku ya asidi ya foliki, nilizipigia mstari, na bahasha ya vidonge vya Ijumaa akaishona uzi mwekundu kwa mkono wake mwenyewe ili vidole vimwambie hata taa ikizimika. Wiki ya 16 imepita. Goti la kushoto bado lina magamba, na damu hupimwa kila tunapoitwa. Kiwiko cha kulia kimebaki na kivuli cheusi laini mahali palipokuwa na doa, ambacho tabibu amesema kitachukua miezi kufifia. Jana jioni aliniagiza nimletee mchele wa kuroweka, nazi tatu, na iliki.